Slaidi za Mwalimu Ngurumo

Ofisi yangu imepakana na darasa, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba ambao fundi aliuweka kwa muda, halafu huo muda ukasahau kwisha. Mimi ni karani wa shule. Napiga barua za Mkuu, naandika vyeti vya uhamisho, natunza ufunguo wa kabati la projekta, na nina ulimi mkali, sifichi. Hata wazazi wanaokuja na kelele zao, wakifika mlangoni kwangu hushusha sauti. Kwa miaka mingi, katikati ya kazi hizo, nilikuwa nasomeshwa jiografia bila kuomba. Mwalimu wa upande wa pili alikuwa na sauti ambayo ukuta ule haukufua dafu mbele yake. Wanafunzi walimpachika jina la Ngurumo, likamkaa hasa, hadi Mkuu mwenyewe siku moja alijisahau akamwita hivyo kikaoni.

Nikipanga mafaili nasikia jangwa linavyokula ardhi. Nikipiga mhuri nasikia volkano. Na zaidi ya somo nilikuwa nasikia matani yake, maana hakuwa mtu wa kufundisha kwa uso mkavu. Kila mtoto wa darasa lile yeye alimpa jina la utani. Twiga alikuwa mrefu wa dirishani, kazi yake kuchungulia nje. Bibi Maswali, swali lake likianza unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukakuta bado yuko kwenye utangulizi. Mzee Kijana hakujibu kitu kabla ya kukohoa kwanza, kama mwenyekiti wa kikao. Alikuwa nao tangu walipoanza shule mpaka wakawa na ndevu, na mimi niliwajua wote kwa masikio.

Nyumbani kwangu ni chumba kimoja. Ndugu zangu wako mbali, na simu zao ni za misiba na harusi tu. Kwa hiyo nikisema ile sauti ndiyo ilikuwa maongezi yangu ya siku nzima, sitii chumvi.

Halafu akaugua. Uvimbe kooni. Aliondoka akisema ni mafua yamekaa vibaya, akakaa mwaka mzima kati ya hospitali na nyumbani, na aliporudi alikuwa amefunga kitambaa shingoni na sauti haikuwepo tena. Waliitoa pamoja na uvimbe. Kilichobaki ni pumzi tu, nayo madaktari walimkataza kuilazimisha. Alikuja na kibao kidogo cha mtoto na kipande cha chaki, akaandika salamu, akamwonyesha kila mtu mmoja mmoja, na walimu wote wakamkumbatia na wengine wakafuta machozi.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Siku zilizofuata nilimwona pale chumba cha walimu nikaelewa mambo yalivyo. Wenzake wakipiga soga, yeye anacheka, anainama kuandika jibu lake kwenye kibao. Anamaliza kuandika, anainua kibao, na wenzake wameshahamia kwenye mpira. Anakishusha taratibu, anafuta kwa mkono wa shati. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Maneno yana mbio, basi, na chaki haina. Baada ya muda akaacha kuja chumba cha walimu, akawa anakunywa chai yake amesimama kwenye veranda, kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani.

Mkuu akaniita. Mkuu wetu si mtu mbaya, ingawa ni mkono wa birika kiasi kwamba balbu ikiungua anataka kwanza kujua nani aliitazama. Aliniambia wazazi wameanza kuuliza mtoto atafundishwaje na mtu asiyesema. Ofisi ya elimu imekubali jambo moja tu: Ngurumo afundishe somo moja la majaribio mbele ya mkaguzi. Akiliweza, anarudishiwa darasa. Asipoliweza, atahamishiwa stoo ya vitabu, ahesabu atlasi na kubandika majalada yaliyobanduka mpaka umri wake wa kustaafu ufike. Sasa kuna hii programu ya slaidi, akasema Mkuu. Maneno yanaonekana ukutani, hayahitaji koo. Wewe unaijua, mfundishe.

Kuijua kwenyewe nilijifunza kwa kuhangaika, kwa sababu Mkuu alitaka mikutano ya wazazi iwe na picha. Lakini nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Stoo ile naijua. Haina dirisha, na mtu anayeingia humo asubuhi husahaulika mpaka jioni.

Tukaanza, kila siku wanafunzi wakishaondoka. Nilimwekea kiti mbele ya kompyuta yangu, nikafungua programu, ikatokea ile karatasi nyeupe yenye visanduku viwili vinavyokuomba uandike. Ngurumo aliweka mikono magotini akakitazama kioo kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya afisa. Maisha yake yote alama za mitihani alikuwa akiandika kwa kalamu na mimi ndiye ninayezipiga. Nikamwambia, "Mwalimu, haiumi. Gusa." Akagusa. Aligusa kama anavyobonyeza chaki ubaoni, kwa nguvu za bega, na herufi moja ikajipanga mstari mzima. Akaruka nyuma. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, naye alicheka pia, mabega yakitikisika bila mlio wowote, na hapo kicheko changu kikanikauka mdomoni.

Alikuwa mwanafunzi mgumu, nisimsifie. Nikimwambia slaidi inataka maneno machache, anajaza mpaka pembeni. Nikamwambia hii ni slaidi, si gazeti. Akaandika kwenye kibao kwamba yeye akisema hasemi maneno machache, kwa nini akiandika awe bahili. Halafu akagundua kwamba herufi zinaweza kuingia zikiruka, zikizunguka, zikidondoka kutoka juu. Loo, hapo ndipo tulipogombana. Siku mbili nzima alikuwa anarusha maneno kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilimwambia mkaguzi ataumwa kichwa na wewe utaenda stoo na herufi zako za sarakasi. Akanuna. Kesho yake nikakuta ameyatoa yote, ameacha neno moja tu, "maporomoko", linadondoka. Nikamwachia hilo.

Baada ya wiki kadhaa akaacha kibao nyumbani. Akitaka kuniambia kitu, anafungua slaidi mpya anaandika humo humo kwenye somo, mimi namjibu kwa mdomo. Hivyo unaweza kukuta slaidi ya chanzo cha mto, halafu slaidi inayosema chai imepoa, halafu slaidi ya mmomonyoko. Mwisho wa siku nazifuta zile zetu, tunabaki na mto. Ni kwa njia hiyo alinieleza habari za binti yake, aliyeolewa mbali. Meseji wanaandikiana, lakini binti hupiga simu kila Jumapili kwa sababu anataka kusikia kwamba baba yupo. Baba anagonga simu kwa ukucha, mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Umekula? Anagonga. Unalala vizuri? Anagonga. "Halafu," akaandika, "maswali ya ndiyo na hapana yanaisha."

Nilimwambia chai imepoa kweli, ngoja nikapashe.

Somo alilochagua ni la mto, kutoka chanzo mpaka unapoingia ziwani. Lilikuwa somo lake la sifa. Nililisikia kupitia ukutani kila mwaka na ningeweza kulifundisha mwenyewe. Alitaka liwe vile vile, neno kwa neno, na matani yake humo humo. "Mto ukiwa mchanga una mbio na makelele, kama nyie. Ukizeeka unapunguza mwendo, unajikunja kona na kubeba matope, kama mimi." Nilikuwa nasahihisha nafasi na nukta huku nacheka peke yangu. Akafika pale anapomgombeza Twiga, akaandika: "Twiga, rudisha shingo ndani, mto haupiti huko nje." Akaandika pale anapompa Bibi Maswali ruhusa. Akaandika pale anapomwambia Mzee Kijana akohoe upesi watu wana njaa. Nikasoma yote, nikayapenda yote, nikamrekebishia herufi kubwa kwenye majina.

Kilichobaki kumsumbua ni kule kubonyeza. Aliona aibu kwamba ataonyesha sentensi moja, aende kwenye kompyuta, abonyeze, arudi mbele, kama mtu anayesukuma gari bovu. Alitaka maneno yaende yenyewe kama yanavyotoka kinywani. Nikamwonyesha kwamba programu inaweza kukariri mwendo: unaifungulia sehemu ya mazoezi, unapitia slaidi zako kwa kasi unayotaka, na yenyewe inashika kila slaidi ikae muda gani. Macho yakamtoka. Jioni ile akasimama katikati ya ofisi yangu, kitambaa shingoni, akaanza kufundisha.

Alifundisha kwa midomo mitupu. Mikono inakwenda, nyusi zinapanda, anageuka kushoto kumwona fulani, anangoja kama mtu anayejibiwa, anatikisa kichwa kukubali, anaendelea. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza kila akinipa ishara ya kidole. Ofisi ilikuwa kimya kabisa, na mimi nilikuwa namsikia. Naapa nilikuwa namsikia. Kila mahali nilijua sasa anashusha, sasa anapandisha. Pale kwa Bibi Maswali alingoja muda mrefu sana, mkono kiunoni, akitabasamu, na mimi nikangoja naye, maana nilijua lile swali lilivyokuwa refu. Tulipomaliza alikuwa na jasho. Nilimwambia hawezi kushindwa, na niliamini hivyo.

Siku ya somo ilikuwa Alhamisi. Mkuu na mkaguzi walikaa viti vya pembeni karibu na mlango. Mkaguzi alikuwa mwanamama mtulivu, faili gotini, miwani imepanda kwenye paji la uso. Ngurumo aliniomba nikae kwenye kompyuta, si kubonyeza, bali kuwepo tu. Wanafunzi walikuwa wamenyooka, wamechomekea, wanamtazama. Alivaa koti. Alisimama mbele yao kama zamani, kifua mbele, akanipa ishara, nami nikaanzisha.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Picha ya chanzo cha mto ikaja, maneno yakaja, watoto wakasoma. Neno "maporomoko" likadondoka, darasa likaguna kwa raha, na Ngurumo akanitupia jicho la kusema unaona? Yakaja maneno ya mto mchanga wenye makelele kama nyie, wakacheka. Alikuwa anatembea mbele yao, anaonyesha kwa mkono, uso unamng'aa. Hata mkaguzi alishusha miwani yake machoni. Moyo wangu ulinijaa nikasema leo tumeshinda.

Ikaja slaidi ya Twiga.

"Twiga, rudisha shingo ndani, mto haupiti huko nje." Darasa zima likageuka kuangalia dirishani. Dirishani alikaa msichana mmoja mfupi, mikono juu ya dawati, amekaa vizuri kabisa. Akajiangalia. Akaangalia nyuma yake, kulikuwa na ukuta. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha.

Hapo ndipo akili iliponirudia, na ilinirudia kama kofi. Twiga alishaondoka. Wote walishaondoka. Walifanya mitihani yao wakati Ngurumo amelazwa, wakatawanyika, kila mmoja na njia yake, na mimi ndiye niliyewaandikia vyeti kwa mkono huu huu. Nilijua. Naye alijua, kila mtu alijua. Lakini wiki zote zile tulikuwa tumejifungia ofisini na darasa ambalo halipo, mimi na yeye, tukisahihisha herufi zao kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kuna watoto gani upande wa pili wa ukuta. Mimi ambaye nawaona kila asubuhi wakipita mlangoni kwangu sikujua hata jina la utani la mmoja wao, kwa sababu hakuna aliyewapa.

Na slaidi zilikuwa zinaenda zenyewe.

"Mzee Kijana, kohoa upesi, watu wana njaa." Slaidi ikangoja akohoe. Ikaendelea: "Ahsante, mwenyekiti." Watoto wakatazamana. Sasa hawakucheka tena, na afadhali wangecheka. Nilimwona Ngurumo akisimama katikati ya hatua, mkono bado hewani, anayasoma maneno yake mwenyewe. Nikaona anaelewa. Uso ulimshuka wote kwa pamoja.

Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, nikamtazama. Akanifanyia ishara ya kiganja, taratibu, kwamba niache. Halafu akatembea katikati ya madawati, akapita watoto wote, mpaka mstari wa mwisho ambako kulikuwa na dawati moja tupu. Akakaa. Magoti yake hayakuingia vizuri chini ya dawati, akayaweka upande. Somo likaendelea bila mwalimu.

Ikafika slaidi ya Bibi Maswali. "Najua mkono wako umeshachoka kuwa juu. Uliza." Na slaidi ikangoja. Ule muda wote aliokuwa ameuweka kwa tabasamu, mkono kiunoni, ulikaa pale ukutani na darasa zima likaukalia. Hakuna aliyeinua mkono. Mwishowe maneno yakabadilika: "Swali zuri. Nilijua ni wewe utakayefika hapo."

Nimeshazika watu wangu na sikuwahi kuumia namna ile. Nilitamani umeme ukatike.

Mto ukazeeka, ukajikunja, ukabeba matope, ukaingia ziwani. Slaidi ya mwisho iliuliza kama kuna swali, na hiyo hatukuiwekea muda, ikabaki. Mkuu alikuwa ameshaanza kuinuka. Yule msichana wa dirishani akasimama kabla yake, akageuka akatazama nyuma, kwa Ngurumo, na darasa zima likageuka naye.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Hao uliokuwa unawaita ni akina nani?"

Ngurumo alitoka dawatini, akaja mbele mpaka kwenye kompyuta. Nikampisha. Akafungua slaidi mpya, hapo hapo mbele ya watu, akaanza kuandika kwa vidole vyake viwili. Herufi zilitokea moja moja ukutani, na watoto, bila kuambiwa, wakawa wanazisoma kwa sauti kadiri zinavyokuja, mpaka zikawa maneno: "Ni wanafunzi wangu. Walishamaliza."

"Na sisi je?" msichana akauliza.

Aliweka vidole kwenye vitufe na hakuandika kitu. Darasa lilimngoja, kwa heshima kabisa, lakini hakuwajua. Mkuu akashukuru wote, akasema somo limekwisha.

Uamuzi nilisomewa mimi mchana ule kwa sababu mimi ndiye wa kupiga barua. Mkuu alisimama karibu na kabati, haniangalii. Alisema mkaguzi amesikitika sana, ni mwalimu kweli kweli, hilo halina ubishi. "Lakini amefundisha watu ambao hawapo," akasema. "Na waliopo wamebaki wakitazamana." Mwalimu mpya angefika Jumatatu. Ngurumo angeanza stoo siku hiyo hiyo.

Nilimwakia. Nilimwambia mtu amejifunza mashine akiwa na mvi, amekesha na mto wake, na kosa lile tulilifanya wawili, basi na mimi nipelekwe stoo. Nilimwambia na mengine ambayo karani hamwambii Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alisema, "Dada, najua," akatoka. Nikapiga ile barua, neno kwa neno, na sikukosea hata herufi moja, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Sikutegemea Ngurumo aje jioni ile. Nilidhani amekwenda nyumbani kukaa na ukimya wake. Lakini saa yetu ilipofika alisukuma mlango, ameshavua koti, akakaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Barua nilikuwa nimempa mwenyewe mkononi, kwa hiyo alijua. Nikaanza kubwabwaja, nikamwambia tutakata rufaa, nitamwandikia mkaguzi, watoto walipenda, hakuona walivyosoma? Aliniachia niongee. Halafu akafungua lile somo la mto, akaenda mpaka mwisho wake, akaweka slaidi mpya.

Akaandika: "Msichana wa dirishani. Kola. Kola yake imejikunja ndani upande wa kushoto. Akiuliza huwa ameshasimama."

Slaidi nyingine. "Kijana mstari wa pili. Cherehani. Mguu hautulii, dawati la jirani linatikisika, jirani amezoea."

Nyingine. "Wawili wa katikati. Mapacha. Si ndugu. Wanageuza vichwa kwa pamoja."

Nilielewa alikuwa anaona nini kutoka lile dawati la nyuma wakati mimi nikidhani anatazama aibu yake ukutani. Aliendelea, mmoja baada ya mwingine. Aliyeandika jina la mtu kwenye kiganja na kulifunika. Mwenye shati la kaka yake. Mwenye kulala amekaa wima, shingo ndiyo inamsaliti. Kila mmoja alipata slaidi yake na jina lake, na hakuna sura hata moja, ni migongo na visogo na masikio. Alipofika kwa kijana mmoja wa mbele kabisa akasita, akaandika: "Huyu mgongo umenyooka kupita kiasi. Ni woga. Asiitwe wa kwanza."

"Mwalimu," nikasema, "umepewa stoo."

Akaandika kwenye slaidi tupu, "Najua," akaifuta mwenyewe, akarudi kwa watoto.

Nje fagio la mlinzi lilikuwa linapita kwenye veranda, na upande wa pili wa ukuta hakukuwa na mtu. Alipomaliza alizirudia zote kuanzia mwanzo. Za Twiga na wenzake akaziondoa kwenye mto. Hakuniomba nizifute mimi, alizifuta mwenyewe, akichelewa kidogo kwa kila moja. Kisha akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuondoa ule muda wa slaidi kwenda zenyewe. Nikamwonyesha. Akaandika kwamba huyo mwalimu mpya ana mdomo, anaweza kungoja mwenyewe mpaka mtu ajibu.

Ya mwisho akaiweka mbele kabisa, juu ya mto wenyewe, na aliiandika polepole kuliko zote. Nilisimama nyuma yake nikiisoma herufi kwa herufi, kwa sauti, kama wale watoto.

"Mwalimu mpya. Haya ni majina yao mpaka uwape mazuri zaidi. Waite. Waite kila siku."

Nikashindwa. Nililia pale pale, mtu mzima na ulimi wangu wote, na yeye hakuwa na sauti ya kunibembeleza. Aliinuka, akanisogezea kiti changu, akabaki amesimama pembeni yangu, mkono begani kwangu, mpaka kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe.